Tundu za Kupumua

Msumari uliokamata kitanda unacholalia, unajua umekula sikio la nani?

Hujui, na dukani hukuambiwa. Msumari hupimwa kwa kilo, hufungwa kwenye gazeti, ukaenda zako. Hakuna anayekueleza kwamba msumari ukitoka kwenye mashine hauna huo mng'ao unaouona. Hutoka mweusi wa grisi, na vipande vya chuma vimeung'ang'ania ncha kama kupe. Kwa hiyo misumari humwagwa ndani ya pipa kubwa la chuma pamoja na unga wa mbao, pipa likazungushwa kwa mota, misumari ikasuguana yenyewe kwa yenyewe mpaka ikatakata. Chukua mkebe wa rangi, tia misumari michache, utikise karibu na sikio lako. Sasa ukuze mkebe huo uwe mkubwa kuliko jiko lako, na uutikise tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Kesho rudia.

Mbele ya pipa la namna hiyo ndipo alipokuwa akisimama Mama Pacha tangu wanawe hawajaota meno. Wanawe sasa wanasoma hadithi wenyewe, na wakitaka kumsomea mama yao humshika kwanza kidevu, wakamgeuza awatazame midomo.

Mumewe ni fundi wa viti. Mtaani wanamwita Cheche, na jina hilo hakulipata kwenye chuma, maana chuma hakigusi. Alilipata kwenye hasira. Hasira za Cheche zilikaa karibu, kama kiberiti cha mvuta sigara. Mteja akirudi kulalamika kwamba kochi limebonyea upande mmoja, Cheche humwuliza kwanza yeye mwenyewe amebonyea upande gani. Lakini mikono yake ilikuwa imetulia kuliko mdomo wake. Kiti alichokivika Cheche, mgeni akikikalia husahau kuaga.

Na kila kiti alikitoboa. Hiyo ilikuwa sheria aliyoachiwa na baba yake mdogo, marehemu, aliyemfundisha kazi: kiti kisichopumua hupasuka. Ukikivika kiti ngozi ya plastiki bila kukiachia njia ya hewa, siku atakapokuja mtu mzito akajitupa, hewa ya ndani hukosa pa kwenda na mshono ukafumuka. Kwa hiyo fundi mwenye adabu huchukua msharasi, akatoboa vitundu vidogo upande usioonekana. Cheche alivitoboa safi, vimepangana kama shanga, na alivionea fahari kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hakuna aliyeviona.

Sasa tuingie nyumbani kwao. Vyumba viwili tu, lakini kelele zake zilishinda gereji. Redio ilipiga kelele, Mama Pacha alipiga kelele juu ya redio, Cheche naye juu ya wote wawili. Majirani waliamini ndoa ile inavunjika kila jioni, kumbe watu walikuwa wakiulizana chumvi iko wapi.

Wakaizoea hali hiyo, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Mpaka jioni moja Cheche aliporudi kutoka karakana yake, akamkuta mmoja wa mapacha chini ya stuli iliyopinduka, mdomo umepasuka, analia kilio kile cha mtoto aliyelia mpaka akachoka kulia. Hatua chache kutoka pale, mama yake alikuwa amempa mgongo, anakata vitunguu, anaimba wimbo.

"Mama Pacha."

Kisu kikaendelea kukata.

"Mama Pacha."

Alipofika mbele yake, mkewe aliinua uso akatabasamu. "Umerudi mapema leo, Baba Pacha," akasema. Kisha akayafuata macho ya mumewe mpaka sakafuni, na tabasamu likaanguka kama sahani.

Daktari wa kituo cha afya hakuzunguka mbuyu. Sikio la kushoto limekwisha, alisema, lisitafutiwe dawa. La kulia bado lipo. Likikingwa, mama atazeeka nalo. Lisipokingwa, na hapo daktari akanyanyua mabega.

"Si kiwandani wanakupa vya kuvaa?" Cheche alimwuliza mkewe walipotoka nje.

"Wanatupa."

"Vitoe nivione."

Mama Pacha akafungua mkoba wake wa kazi. Kiwandani vitu hivyo huitwa vikombe, na kweli ni vikombe: viwili, vya plastiki ngumu, vimeunganishwa na utepe wa chuma unaopita utosini, kila kimoja kina kimto chake cha duara cha kulalia kichwani kuzunguka sikio. Kimto ndicho kinachoziba. Kisipoziba, hicho ni kipambo tu. Na vimto vya Mama Pacha vilikuwa vimekauka vikapasukapasuka kama udongo wa bwawa lililokufa. Sponji ya ndani ya vikombe ilikuwa imeoza. Cheche alipoigusa ilimwagika kama mkate uliochina. Utepe ulikuwa umelegea. Ndani ya kikombe kimoja paliandikwa kwa wino jina la mtu ambaye hakuna kiwandani aliyewahi kumwona, kwa maana vikombe vile vilikuwa vimevaliwa kwanza mahali pengine, vikachakaa huko, vikatupwa huko, ndipo wakubwa wa kiwanda wakaviokota na kuwagawia watu wao. Kisha wakapiga picha. Kwenye ukuta wa banda la mapipa palichorwa kwa rangi nyekundu: USALAMA KWANZA. Rangi yenyewe ilikuwa mpya.

"Hivi ndivyo vinavyokukinga?"

"Vinakinga vumbi," Mama Pacha akasema, akacheka.

Cheche hakucheka. Siku hiyo hakufungua kazi ya mteja hata mmoja. Alikata duara za sponji ya daraja la kwanza, ile anayowekea viti vya waheshimiwa. Akazivika ngozi laini ya plastiki, rangi ya maziwa. Akajaza sponji mpya ndani ya vikombe. Utepe akauacha vilevile ulivyolegea, maana aliuona hauumizi, na kwa fundi wa viti hakuna dhambi kubwa kama mtu kukaa bila raha. Mwisho, pasipo kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo cha mwisho cha shati, akachukua msharasi akavitoboa vile vimto ukingoni, tundu za kupumua, zimepangana kama shanga.

Mama Pacha akamtazama anavyobonyeza vimto kwa dole gumba, anaviachia vifutuke, anabonyeza tena.

"Sasa hivyo utavijaribu vipi, Baba Pacha? Utavikalia?"

"Vaa."

Akavaa. Akafumba macho.

"Unajisikiaje?"

"Kama nimelala kwa mama."

Cheche alifurahi furaha ambayo hakuwa ameionja tangu siku ya harusi. Na mtu mwenye furaha ya namna hiyo hawezi kuuliza swali la pili.

Wanawake wote wa mapipa walivitaka. Kila jioni mmoja alimletea vikombe vyake, na kila asubuhi akavichukua vimevaa nguo mpya. Wa mwisho kuja alikuwa mwanamke mzee ambaye kiwanda kizima humwita Shangazi, mtu wa maneno makali na vidole vilivyopinda.

"Mwanangu, mimi nitengenezee kwa ajili ya urembo tu," alimwambia Cheche, akimsoma midomo. "Masikio yangu yalistaafu kabla yangu. Tena yenyewe hayakuagwa hata kwa soda."

Majuma yakapita. Cheche akangoja sikio la mkewe lipumzike. Badala yake aliona mambo ambayo hakuyapenda. Mama Pacha alianza kulalia upande wa kushoto, ili sikio la kulia libaki juu wakati watoto wamelala. Mapacha, ambao zamani walijua kuja upande wa kulia wa mama yao wakamwita, sasa walimgusa bega kutoka upande wowote. Siku nyingine alikaa kitini akikikuna kichwa nyuma ya sikio, kama mtu aliyeingiliwa na nyenje. Cheche akimwuliza, alisema ni uchovu.

Basi hasira za Cheche zikamwendea daktari. Akamtukana daktari kwa wateja, kwa majirani, kwa fundi mchomeleaji wa karakana ya pili, akisema mtu anasoma miaka yote hiyo kisha anaishia kunyanyua mabega.

Ndipo msimamizi wa banda la mapipa alipomwita.

Msimamizi huyo walimwita Filimbi. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye shingo ndefu, na shingoni kila saa ilining'inia filimbi ya chuma. Hakuwa shetani, tuseme ukweli wake. Alikuwa na watoto shule, na juu yake kulikuwa na mkubwa, na juu ya mkubwa kulikuwa na mkubwa mwingine. Lakini kuna watu ambao ukiwapa kamba ya kuwafungia wenzao, kosa lao si kuifunga, kosa lao ni jinsi wanavyolipenda fundo.

Ofisini kwa Filimbi palikuwa na kabati la kioo. Ndani ya kabati, vimepangwa juu ya kitambaa cheupe, palikuwa na vikombe vipya kabisa, vingine bado vimo ndani ya mifuko.

"Na hivi?" Cheche akauliza kabla hajakaa.

"Hivyo ni vya wageni. Wakubwa wakija kutembelea."

"Wageni wanakaa humo bandani muda gani?"

"Wanapita tu, fundi. Kama wewe nyumbani kwako, huna sahani za wageni?" Filimbi akacheka, akamsogezea kiti. "Nimekuita nikupongeze. Umenifanyia kazi kubwa. Zamani hawa akina mama walikuwa wanajisokotea matambara masikioni, kisha wanavaa vikombe juu yake. Napuliza filimbi mpaka mishipa inanisimama, hakuna anayegeuka. Tangu uwatengenezee hivi vyako laini, matambara wameyatupa. Sasa napuliza mara moja tu, wote wananitazama. Umetia dawa gani?"

Cheche alikuwa bado amesimama. Baadaye alisema kwamba aliyasikia maneno yale moja moja, kama misumari inavyodondoka kwenye sinia. Wanasikia filimbi. Mtu anayesikia filimbi kutoka upande wa pili wa banda, mapipa yote yakizunguka, basi anasikia na mapipa. Anayasikia yote. Na matambara wameyatupa, kwa sababu fundi wa viti amewapa raha.

Aliondoka, akapitia karakanani kwake, akachukua vikombe ambavyo mmoja wa wanawake wa mapipa alikuwa ameviacha viongezewe uzi, akaenda navyo moja kwa moja kwa jirani yake mchomeleaji, akavivaa.

"Kata chuma," alimwambia mchomeleaji.

"Chuma gani?"

"Chochote. Kata."

Mashine ya kukatia vyuma ikalia, na mlio wake ukamwingia Cheche kama maji yanavyoingia kwenye kiatu kilichotoboka. Akasimama vile, cheche zikimrukia miguuni. Kisha polepole akapeleka vidole vyake ukingoni mwa vimto, akazifunika tundu. Mlio ukarudi nyuma. Akaachia, ukaja. Akafunika, ukarudi.

"Unacheza nini, jirani?" mchomeleaji akauliza.

"Nacheza na sikio la mke wangu," Cheche akasema.

Jioni hiyo majirani walisikia ugomvi, na safari hii haukuwa wa chumvi.

"Ulijua?" Cheche alisimama mbele ya mkewe ili amwone mdomo. "Nakuuliza wewe. Ulijua kwamba vinapitisha kelele?"

"Nilijua siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza."

"Nilijua kabla hata ya chai."

"Na hukusema."

"Ulikuwa umefurahi," Mama Pacha akasema. "Ulitembea mtaani kama umejenga daraja. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia nimekuua sikio."

"Hukuliua wewe. Wewe umelitobolea tu dirisha. Walioliua wamo kiwandani, wana kabati la kioo." Akakaa kitako kwenye kochi ambalo mumewe alilivika mwaka ule walipooana. "Nilidhani nitavumilia kidogo, kisha nirudie matambara yangu kimyakimya. Lakini vilikuwa laini, Baba Pacha. Na mimi kutwa nzima sigusi kitu laini."

Cheche alitaka kugombana naye na akakosa pa kushika. Kumkasirikia mtu aliyekuhurumia ni kazi ngumu kuliko kukausha bahari kwa kijiko. Akajigeuzia hasira zake mwenyewe. Alipochoka kujitukana, akaketi kwenye meza yake ya kazi akaanza upya, na mara hii akajiwekea sheria nyingine, kinyume cha sheria ya marehemu baba yake mdogo: sikio halikalii kiti. Kisipumue. Kibane. Kiudhi.

Alitafuta ngozi nzito isiyo na mshono upande wa kichwani. Akaishona kwa ndani, akapitisha gundi juu ya uzi ili hata tundu la sindano lisibaki. Ndani ya kila kikombe akapanga sponji ya aina mbili, nyepesi na nzito, zikabanana. Utepe wa chuma akaukunja kwa mikono mpaka ukashika kichwa kama mtoto anayeogopa giza. Akamwambia mkewe fundo la kitambaa chake cha kichwa lipande juu, lisipite chini ya kimto. Akamwambia avue hereni.

"Hizi alinipa mama."

"Mama akikuita utamsikia kwa hereni?"

Mama Pacha akazivua, akazitundika kwenye msumari ukutani.

Wakaenda kwa mchomeleaji. Mama Pacha akasimama akiwapa mgongo, mashine ikalia nyuma yake. Cheche akamwita. Hakugeuka. Akamwita kwa jina lake la utoto, ambalo hakuna anayelijua isipokuwa yeye na mama mkwe. Hakugeuka. Akasema, "Mwanamke mbishi kuliko punda wa mchuuzi." Hakugeuka. Akaendelea kutazama barabara, kichwa amekiinamisha kidogo, na uso wake ulikuwa umetulia namna ambayo Cheche hakuwa ameiona kwa muda mrefu.

Mgongo ule ule uliomtisha jioni ya vitunguu, sasa ulimfanya atake kucheka. Mchomeleaji ndiye aliyecheka, na kama majirani wote wema, akaja kumweleza Mama Pacha neno kwa neno aliyoitwa.

Cheche akafumua kazi yake yote ya mwanzo. Vikombe vya wanawake wote wa mapipa akavirudia, kimoja kimoja, na kila aliyekuja, Cheche alimwomba radhi kabla hajamsalimu. Hata vya Shangazi alivirudia, ingawa mwenyewe alimwambia asijisumbue.

Wakavivaa kazini. Na siku ile ile mchana, ujumbe ukaja: fundi anatakiwa kiwandani.

Alipoingia bandani, mapipa yalikuwa yamesimamishwa. Wanawake walikuwa wamesimama mstari mmoja karibu na lundo la misumari iliyokwisha kung'arishwa, na vikombe vyao vilikuwa juu ya meza mbele ya Filimbi.

"Fundi, umeniharibia," Filimbi akasema. "Hawanisikii."

"Ndiyo kazi yake hiyo."

"Nikiita, waitike. Mkono wa mtu ukinaswa kwenye pipa, nitawazuiaje wenzake? Niwaandikie barua?"

Swali hilo lilikuwa na haki yake, na Cheche, pamoja na hasira zote, alilijibu kama mtu. "Weka taa. Taa nyekundu juu ya kila pipa. Ukibonyeza, iwake, wote wataona."

"Hiki ni kiwanda, si ukumbi wa harusi. Taa niliziomba zamani. Wakubwa walisema filimbi inatosha."

"Basi wapelekee wakubwa hayo masikio yaliyotosha."

Mmoja wa wanawake akacheka. Nadhani ni kile kicheko kilichomwudhi Filimbi, kuliko maneno yenyewe. Akainama, akaokota msumari kwenye lundo, mpya, unang'ara, umetoka kwenye pipa la Mama Pacha asubuhi ile. Akachukua kikombe cha kwanza akakipigia msumari ule kwenye kimto. Akautoa, akautia tena pembeni kidogo. Hakuwa na haraka. Alitoboa kimoja, akakiweka, akachukua kingine, na kila alipotoboa alimtazama Cheche.

"Si wewe uliyetufundisha?" akasema. "Tundu za kupumua."

Cheche alimrukia. Hilo halina haja ya kufichwa. Alimfikia kooni, akaikamata filimbi, kamba yake ikakatika mkononi, na kabla hajafanya la pili walinzi wawili walikuwa wamekwisha kumbeba juujuu kama godoro. Alipokuwa akitolewa aliona uso wa mkewe. Mama Pacha hakulia wala hakupiga kelele. Alimtazama tu, akainua kiganja, akakisukuma mbele: nenda. Nyuma yake Filimbi aliokota filimbi yake sakafuni, akaipangusa kwenye shati, akaipuliza. Mapipa yakaanza kuzunguka.

Fikiria Cheche alivyoushinda mchana ule. Alivunja miguu ya kiti cha mteja. Akamfukuza mchomeleaji aliyekuja kumpa pole. Mama Pacha aliporudi alimkuta ameketi mlangoni, nyundo mapajani.

"Ya nini hiyo?"

"Kesho nakwenda kumngoja getini."

"Halafu?"

"Halafu atajua."

Mama Pacha akauweka mkoba wake chini. "Yeye atajua nini? Yeye atapata plasta na likizo. Wewe utapata selo. Mimi nitafukuzwa. Na sikio, Baba Pacha? Katika hesabu yako hiyo, sikio linapata nini?"

"Basi nifanye nini? Nikae?"

"Ukae. Si unatengeneza viti?"

Akaichukua nyundo mapajani mwake, akaingia nayo ndani. Kisha akatoka tena, akauchukua mkoba wake, akapita mlangoni bila kumwangalia, akasema anakwenda kwa Shangazi mara moja. Alirudi watoto wamekwisha kula, vidole vyake vyeusi, ananukia gundi. Cheche aliisikia harufu hiyo. Lakini alikuwa na hasira mno hata asiweze kuuliza, na mtu akikukuta umekasirika namna hiyo hakuelezi kitu, anakupita kama anavyopita shimo.

Asubuhi yake Mama Pacha alipotoka kwenda kazini, Cheche alimfuata kwa mbali. Hakuwa na nyundo. Hakujua mkewe aliificha wapi. Alikuwa na mikono yake tu, na mikono yake ilitosha. Hakupita getini, walinzi walishamjua. Alizunguka nyuma ya banda la mapipa, mahali ambapo bati moja la ukuta lilikuwa limeng'oka, akaweka jicho.

Wanawake walikuwa tayari kwenye nafasi zao. Vikombe vilikuwa vichwani. Kwenye kila kimto, palipotobolewa na msumari, palibandikwa viraka vyeusi vya mpira wa baiskeli, vya duara, vimekatwa kwa mkasi na kugandishwa kwa gundi ya pancha, vingine vikubwa, vingine vidogo, kama mikebe iliyozibwa na mtu asiyejali urembo. Haikuwa kazi nzuri. Fundi Cheche hangeikubali karakanani kwake. Mapipa yakaanza kunguruma, na yeye pale nje, nyuma ya bati, ikambidi aweke viganja masikioni.

Filimbi akatokea upande wa pili wa banda. Akaangalia. Akaitia filimbi mdomoni, iliyofungwa kwa kamba mpya, akapuliza.

Hakuna aliyegeuka.

Akapuliza tena, mashavu yakamtuna, mishipa ikamsimama shingoni kama mizizi. Mlio huo Cheche aliusikia kupitia viganja vyake. Mama Pacha alichota unga wa mbao, akautia ndani ya pipa, akakung'uta koleo. Shangazi, aliyekuwa amemkabili Filimbi uso kwa uso na kuyaona mashavu yake vizuri kabisa, akainamia kiatu chake, akaanza kufunga kamba.

Filimbi akaishusha filimbi. Akatazama mlango wa ofisi yake, ambako kulikuwa na kabati la kioo, akatazama migongo ya wale wanawake. Kisha akaanza kutembea. Alilivuka banda lote, akilikwepa pipa hili na lile, akijiziba sikio moja kwa bega na jingine kwa kidole, mpaka akafika mbele ya Mama Pacha. Akasimama mahali anapoweza kuonekana. Akainua mkono juu.

Mama Pacha akamwona. Akazima mota.